Mteja wa Zamani

Fusae alikuwa kwa msusi, kichwa kimepakwa dawa ya nywele, aliposikia sauti ya shemeji yake kwenye televisheni. Kilikuwa kile kipindi cha kutembelea mitaa kutafuta chakula kitamu cha bei nafuu, na siku hiyo walikuwa wamefika mjini kwao Amagasaki, Japani, tena kwenye mgahawa wa marehemu mume wake, Yoshikatsu. Tangu afariki, mwaka wa sita sasa, aliyekuwa akipika pale ni mdogo wake, Tamotsu. Fusae alimwona amesimama nyuma ya kaunta, amejifunga kitambaa kipya kichwani, akimsimulia binti mtangazaji namna alivyokibuni kibua chake cha miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, na tangawizi. Alikibuni yeye, eti. Binti akaonja, akafumba macho, akasifu weee. Kisha akanyoosha kidole kwenye picha ya Yoshikatsu ukutani, akauliza yule mzee ni nani.

"Huyo? Mteja wetu wa zamani," Tamotsu alisema.

Msusi, aliyemjua Yoshikatsu tangu ujana, akazima televisheni bila kuambiwa. Fusae akataka dawa ioshwe. Msusi akamwambia rangi bado haijashika. Fusae akasema ioshwe hivyo hivyo, akatoka na nywele mbichi, madoa meusi yakimchuruzika shingoni.

Mchana ule mgahawa ulikuwa umefurika: mafundi wa kiwanda cha chuma, madereva wa malori, na wazee wajane ambao bila pale wangekula mkate mkavu. Mzee Gunji, aliyekuwa akiendesha winchi bandarini, alimsogezea kiti. Fusae akaagiza kibua. Aliomba moyoni akute kimeharibika, kimejaa sukari, samaki amevurugika, ili apate pa kuanzia. Akakikata kwa vijiti, akatia mdomoni. Kilikuwa kile kile. Tangawizi ile ile, mchuzi mzito ule ule ulioganda kwenye ngozi ya samaki kama alivyoupenda Yoshikatsu. Hapo ndipo hasira ilipompanda hasa. Mtu akikuibia kitu akakivunja, walau utasema hakujua thamani yake. Huyu alijua.

Alikula akamaliza, wali na supu na figili za achari, maana kutupa chakula hakukuwa desturi yake hata akiwa amekasirika. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shemeji, yule pale ukutani ni nani?"

Vijiti vikasimama. Tamotsu hakuinua uso kwenye sufuria.

"Tutaongea baadaye, shemeji. Watu wanakula."

Fusae alitoka nje, akanyanyua fimbo ya pazia la mlangoni, pazia la bluu alilolishona mwenyewe mwaka yeye na mumewe walipofungua mgahawa, akalikunja kwapani na kuondoka. Waliokuwa kwenye foleni walipoona mlango hauna pazia walijua pamefungwa, wakaanza kutawanyika wakinung'unika.

Tamotsu alimfuata mbio, aproni kiunoni, upawa mkononi. Alimkuta mbele ya duka la mboga la Bi Orie.

"Lete pazia, shemeji. Unanitia aibu mtaani."

"Aibu unaijua wewe? Mtu aliyekulea, akakulisha, akakufundisha kushika kisu, leo ni mteja? Alikulipa yeni ngapi, huyo mteja?"

Bi Orie alijifanya anapanga vitunguu. Tamotsu akaanza kujitetea. Watu wa televisheni wana haraka, alisema, hawataki maelezo marefu. Halafu ni yeye aliyeamka alfajiri miaka yote hiyo. Fusae hajamenya hata figili moja pale tangu msiba.

"Sikukataza ujisifu," Fusae alisema. "Sema unapika vizuri. Ni kweli, unapika vizuri, laana ikupate. Nakuuliza kwa nini ulimkana."

Tamotsu aliutazama upawa wake kana kwamba haujui.

"Ningesema ni kaka, angeniuliza alikufaje."

"Si alianguka jikoni ukiwa kwenye soko la samaki? Kuna nini cha kuficha?"

"Sikwenda sokoni siku ile."

Akamweleza hapo hapo barabarani. Asubuhi ile walikuwa wamegombana. Yoshikatsu alimwambia mbele ya wateja kwamba yeye ni wa kuosha vyombo tu, na atakufa akiosha vyombo. Tamotsu akavua aproni, akaenda kwenye mashine za kamari karibu na stesheni, akakaa huko hadi mchana akijiambia acha ahangaike peke yake aone. Aliporudi aliambiwa mteja wa mchana ndiye aliyemkuta sakafuni; gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na sufuria imeungua.

Miaka yote hiyo Fusae alikuwa akijifariji kwamba hakukuwa na la kufanya, kwamba lilikuwa jambo la Mungu na la moyo mchovu. Kumbe kulikuwa na mtu ambaye angeita gari mapema, na mtu huyo alikuwa amenuna mbele ya mashine. Aliyakumbuka mazishi, Tamotsu akilia kuliko watu wote, na yeye Fusae akimpangusa machozi.

Alimtupia pazia kifuani.

"Rudi ukapike. Watu wana njaa. Mimi usinisemeshe."

Jioni hiyo hiyo Bi Orie alimletea habari: Tamotsu alikuwa amewasimulia wateja wote, bila kuficha kitu, na Mzee Gunji aliondoka bila kumaliza wali wake. Fusae alisikiliza, akashukuru, akafunga mlango.

Majira yote ya baridi alikula kwenye mgahawa mwingine ng'ambo ya reli, samaki wakavu, supu ya maji. Machi alichoka kujiadhibu kwa kosa la mwenzake. Akarudi, akakaa mwisho wa kaunta, akaonyesha alichotaka kwa kidole. Tamotsu alimwekea sahani kwa mikono miwili, akangoja hadi alipomeza tonge la kwanza.

"Chumvi imezidi, shemeji?"

Chumvi ilikuwa sawasawa.

"Imezidi," Fusae alisema, akaendelea kula.