Filimbi ya Kuamsha Askari

Haya alinisimulia binti yangu Jumapili iliyopita, tukikunja nguo kitandani kwangu, naye akicheka mpaka shati moja akalikunja mara mbili. Ni ya mwanawe, mjukuu wangu wa kike tunayemwita Kiherehere.

Kiherehere aliwekewa figo la baba yake. Baba mwenyewe, mkwe wangu, ni mlinzi wa usiku. Namheshimu, lakini usingizi wake si mchezo. Akiegemea ukuta tu, ameshaondoka.

Basi, ndani ya shavu la mtoto kikatoka kidonda kisichopona. Chakula hataki, maji ni kwa mrija. Hospitalini wakakata kinyama kidogo wakakipima. Sisi roho mkononi, tukidhani ni saratani. Daktari akaja na majibu kwamba siyo, akaketi kitandani kwa mtoto.

"Mwilini mna askari," akamwambia. "Dawa unazomeza zinawalaza, wasipigane na figo la baba. Sasa wamelala fofofo. Kuna kirusi ambacho wengi tunacho na hakitusumbui, kwako kimepata nafasi kikachimba hapo. Ni nadra, lakini hutokea."

"Si muwaamshe!"

"Tutapunguza dawa kidogo kidogo. Wakiamka wote, watalivamia figo. Wakiendelea kulala, kidonda kitakula shavu."

Daktari akatoka. Kiherehere akamtazama baba yake, amesinzia kwenye benchi na sare yake ya kazi. Akapenyeza mkono mfukoni mwa baba, akatoa filimbi ya ulinzi. Akapuliza mpaka machozi yakamtoka kwa maumivu, kisha akapiga kelele:

"Askari, amkeni! Ila nusu yenu tu!"

Mkwe wangu akaruka, akapiga saluti. "Hapa shwari, bosi!"

Nesi akaja mbio. "Nini tena hiki?"

"Samahani, dada," binti yangu akasema. "Anaamsha askari wa mwilini, ameamka wa nyumbani."

Wodi nzima ikacheka. Filimbi ikafungiwa kabatini kwa nesi.

Lakini tangu dawa ilipopunguzwa, mkwe wangu ndiye aliyekosa usingizi. Akitoka zamu asubuhi, anakuja kukaa kando ya kitanda, macho kodo.

"Baba, unalinda nini?"

"Figo langu. Lisije likafukuzwa kazi."

"Halifukuzwi. Lenyewe halisinzii kazini."

"Msikieni mtoto huyu!" Akacheka, ila macho hakuyafumba.

Wiki zikapita. Kila damu ikipimwa, figo liko kazini. Mchana mmoja daktari akammulika mdomoni kwa tochi, akammulika tena, akamgeukia nesi.

"Hebu mletee filimbi yake."

Kiherehere akapuliza, mashavu yamejaa kama maputo, wala hakukunja uso. Nyama ilikuwa imefunga, pamebaki weupe kidogo tu.

"Baba, umeona? Wameamka nusu!"

"Nimeona, mama." Mkwe wangu akajifuta uso kwa kofia.

"Basi lala. Wenzako wameshika zamu."

"Nijiegeshe kidogo tu," akasema, akaegemea ukuta.

Kofia ikamwangukia puani. Kiherehere akampulizia filimbi karibu kabisa na sikio, kumjaribu. Binti yangu anaapa hata kope hazikutikisika.