Daktari Bingwa Anayepokea Kadi

Mpokezi wa hospitali ya nne aliishika kadi ya bima kwa ncha za vidole, akaigeuza, akairudisha juu ya meza kistaarabu kabisa. "Hii ya serikali hatuipokei, mwalimu. Zamani tulikuwa tunaipokea." Mwalimu akauliza ni nani basi anayeipokea, kwa bingwa wa damu na saratani, maana hakuja kung'oa jino. Mpokezi akasema hajui, pole sana, akamwita anayefuata.

Mgonjwa hakuwa mwalimu, alikuwa mama mkwe wake. Mume wa mwalimu aliendesha malori ya masafa marefu na nyumbani kwake alikuja kama mgeni, kwa hiyo mama yake akabaki mikononi mwa mkewe. Bibi wa watu alikuwa amekonda mikono na kuvimba tumbo, na kila asubuhi shuka lake liliamka limelowa jasho. Maabara walisema damu yake haiko sawa, aonwe na bingwa haraka. Hilo neno haraka walikuwa wamelipigia mstari.

"Turudi nyumbani, mke wa mwanangu," mama mkwe alisema pale kwenye ngazi. "Miguu yenyewe leo ni ya kuazima."

Mwalimu akapiga simu ofisi ya bima. Msichana aliyepokea, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, akasema bingwa yupo, tena ni mmoja tu, akataja jina, mtaa na jengo.

"Huyo si alifariki?" mwalimu akauliza. Mtoto wa daktari alisoma darasani kwake, na mazikoni mwalimu alikwenda kwa miguu yake.

"Kwenye mfumo wetu yupo kazini, mama. Anaona wagonjwa kuanzia magharibi. Nikusaidie kitu kingine?"

Chumba cha daktari siku hizi kilikuwa saluni. Walimkuta msusi akifagia nywele, akawaambia wakae popote penye nafasi. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukaushia nywele, vichwa chini ya yale makofia ya plastiki, na wengine wao hawakuwa na unywele hata mmoja. "Akifika msishtuke, mikono yake ina ubaridi," msusi alisema. Akaacha taa ikiwaka, akaenda kupika.

Daktari aliingia kwa mlango wa nyuma, koti jeupe, udongo mwekundu mabegani. Aliwasalimia wote, akanawa kwenye sinki la kuoshea nywele, akaanza kazi. Zamu ya mama mkwe ilipofika alimlaza kwenye kochi, akambonyeza ubavu wa kushoto.

"Mwanangu, una mikono ya barafu."

"Nisamehe, mama. Ndivyo ilivyo tangu nife."

"Haya. Endelea."

Akasoma majibu ya maabara, akavua miwani. "Ni saratani ya damu, lakini ile ya mwendo wa polepole. Hii ina dawa. Kidonge kimoja kila siku, na utazeeka."

"Nimeshazeeka."

"Basi utazeeka tena."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika ubavu. Mwalimu alikuwa hajamsikia akicheka tangu augue, na njia nzima ya kurudi alitembea mwepesi, akipanga moyoni nani aambiwe kwanza. Mumewe, alipopigiwa simu huko barabarani, alisema, "Si niliwaambia mtampata? Mshukuruni Mungu."

Mfamasia alisoma cheti cha dawa mara mbili. Dawa ilikuwa nyuma yake kwenye rafu, boksi la bluu. "Dozi iko sawasawa," akasema. "Huyu mzee alikuwa anaijua kazi. Ila leseni yake ilikufa naye. Dawa za saratani zinataka sahihi ya bingwa mwenye leseni."

"Mbona bima wamekubali amwandikie mama?"

"Wamekubali amwone. Kuona ni kuona, dawa ni dawa. Tafuta bingwa aliye hai."

"Walio hai hawapokei kadi."

"Hapo ndipo pagumu, mwalimu."

Mwalimu akauliza bei ya kununua kwa mfukoni. Akajibiwa. Akaaga.

Daktari alipoambiwa hakushangaa, aliyasikia hayo kwa kila mgonjwa. Alisema alishaomba leseni mpya, wakamtaka afike mwenyewe, asubuhi, saa za kazi. Asubuhi hawezi. Mama mkwe akamhurumia, akamuuliza kwa nini asipumzike tu kama marehemu wenzake.

"Nimeomba bima waniondoe kwenye orodha yao, mama. Wanasema hawawezi kunitoa mpaka apatikane wa kunirithi. Na wa kunirithi hapatikani, kwa sababu nafasi ina mtu."

Basi wakawa wanakwenda kila wiki, kwani wafanyeje? Daktari alipima, akaeleza wengu umefika wapi, akaandika dawa ileile. Hakumdanganya mtu hata siku moja. Mwalimu akaanza kumchukia, na alijua anamwonea. Baada ya kila ziara simu yake ililia: ofisi ya bima ilifurahi kumhudumia, na iliomba maoni yake.

Mama mkwe alifariki mvua zilipoanza, asubuhi, akisubiri chai ipoe. Mwanawe aliwahi mazishi na lori lake, akalia kama mtoto, akarudi barabarani. Matanga yalipokwisha msusi alimpigia mwalimu simu. Mama anaomba shali, alisema, huku saluni kuna baridi.

Mwalimu akaipeleka. Alimkuta mama mkwe kwenye benchi la nyuma, kati ya watu ambao nusu yao mwalimu alikuwa amekwenda kuwazika. Walikaa kwa utulivu, wakiwapisha walio hai watangulie.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Miadi yangu haijafutwa. Nisipokuja wataniandika mtoro."

"Na maumivu?"

"Tumbo bado," mama mkwe akasema, akijifunika shali. "Na dawa bado."

Mwalimu akakaa chini kando yake, akamshika mkono, ulikuwa wa baridi, akauacha wake hapo hapo. Alitamani kulia, lakini mbele ya watu wale wote, wenye yao, aliona aibu.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke ambaye hakuna aliyemfahamu, amebeba mtoto wa kike begani. Mtoto alikuwa na madoa ya zambarau mikononi, kama aliyepigwa, na hakupigwa na mtu. Mwanamke alishika kadi mkononi, viatu vimejaa matope.

"Samahanini," akasema. "Nimezunguka mji mzima. Hapa ndipo wanapopokea kadi ya serikali?"

Mwalimu alijua la kusema, tangu boksi la bluu mpaka benchi hili, na kinywa alikwisha kukifungua. Lakini mwanamke alikuwa ameiona ile foleni, na uso wake ulikuwa umeshaanza kutulia.

"Ndipo," mwalimu akasema, akainuka, akamwonyesha pa kukaa, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kumwelekeza.