Masomo ya Kuanzia Mwisho

...na nikikanyaga pedali sisikii, nikiacha kukanyaga wifi atajua nimetega sikio, kwa hiyo nakanyaga naacha, nakanyaga naacha, kama mtu anayesumbuliwa na uzi, na rinda hili moja la sketi hii moja linakataa kuisha, huko sebuleni nyuma ya pazia amewakalisha wanangu wawili mezani anawapima, sauti yake ile ya mwalimu mkuu inapita kwenye pazia kana kwamba halipo, "kaa wima, nitazame mimi, usitazame pazia, mama yako hayumo kwenye huu mtihani", hayumo, ningekuwa simo mgongo wangu usingelowa hivi, asubuhi aliposhuka kwenye basi nilimpokea begi lake, begi kubwa, likanyanyuka lote kwa kidole kimoja, tupu, nikajua hapohapo ni la kubebea nguo za watoto, maana ndivyo walivyopanga yeye na mdogo wake, mume wangu, kwenye simu, akiona hawajui kitu aondoke nao leo leo, wakasome kwenye shule yake ya bweni, mimi nikaarifiwa tu, "usichukulie vibaya, mama watoto", mume wangu akaniambia kutoka huko barabarani anakoendesha lori, "dada ndiye anayejua mambo ya shule, atakalosema yeye ndilo", na mimi sikubisha, nilikuwa na sare hamsini za kushona na macho yamevimba, ungeniambia nihamie mwezini ningeuliza tu huko kuna umeme... "Saba mara nane," anasema wifi, nakanyaga, naacha, kimya, Wakili hajajibu, Wakili ndiye mkubwa, binti yangu wa miaka kumi, jina hilo tumempa mwaka huu kwa ubishi wake, shuleni walikuwa wanamwita Bubu, na mdogo wake wa miaka saba ni Kasuku, huyo hahitaji maelezo, "usimsaidie," wifi anamwambia Kasuku kabla hata hajafungua mdomo, saba mara nane, jamani, mwanangu, sema kitu, hata kama ni uongo sema, mbona kimya, kimya hiki nakijua, ndicho cha getini, kila asubuhi alikuwa anatapika kwenye geti la shule, zahanati wakampima wakasema mzima, akitapika anajifuta mdomo, anaingia, ananakili ubaoni kila kitu, hata tarehe ya jana kama mwalimu kasahau kuifuta, daftari safi, mwandiko wa kupendeza, na ndani ya daftari hamna mtoto, siku moja nikamwambia nisomee hapa, hapa ulipoandika mwenyewe, akasoma kama anayemsomea mtu barua isiyomhusu, nikamuuliza maana yake nini, akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye nisiyejua mambo yanavyokwenda, "Mama, haina maana, ni ya kuandika tu", wiki hiyohiyo nikawatoa shule wote wawili, nikaanza kuwafundisha mwenyewe humu ndani... "Hamsini na sita," anasema Wakili, eh, hamsini na sita, nakanyaga kwa nguvu kwa furaha, sindano inaruka mishono mitatu, naacha, "mbona umechelewa, hukukariri?" "Sikukariri, Shangazi, nimeitengeneza, saba mara kumi ni sabini, zimezidi saba mbili ambazo hukuziomba, nikazitoa, kumi na nne." Namsikia wifi akiweka kalamu mezani. "Na kwa nini mtoto wa umri wako hujakariri jedwali?" "Hatujafika huko bado," anasema Wakili, na Kasuku naye hawezi tena kujizuia, "sisi tunarudi nyuma, Shangazi"... Mungu wangu, kasema. Kwa watu wote duniani kamwambia mwalimu mkuu. "Mnarudi nyuma." Wifi analirudia neno polepole, kila herufi anaipima, namwona bila kumwona, miwani imeshuka puani, basi, nguo zao ziko sandukuni, nzuri ni nne nne, nyingine zimepauka, nitasema nini jioni nyumba ikiwa kimya, nitamkataza nani kelele...

kwa sababu ni kweli, tunarudi nyuma, na kosa ni langu, ila lilikuwa kosa la mtu aliyekaa ngazini kwenye baridi, maktaba ya mjini ina intaneti ya bure na ukikaa kwenye ngazi za nje inakufikia hata wakifunga, nikakaa pale na simu yangu yenye ufa nikapakua masomo ya hesabu, yote, bure kabisa, ya yule mwalimu mwembamba wa kwenye video anayevaa koti lilelile kila siku, watoto wakamwita Mwalimu Koti, nikapakua mpaka betri ikalia, nyumbani nikayafungua kama yalivyojipanga, la juu kwanza, sikujua simu huliweka juu lililotoka karibuni, la juu lilikuwa la mwisho, nikawaanzishia watoto hesabu kwa kipindi cha kufungia mwaka... na kabla ya hapo nilikuwa nimeshindwa kwa kila njia, tusidanganyane, nilibandika ratiba ukutani yenye rangi tatu, nikagonga kifuniko cha sufuria kila saa kama kengele ya shule, Kasuku akawa anakigonga yeye, saa zikawa fupi sana, nikajaribu pipi, ukimaliza ukurasa unapata pipi, Wakili akamaliza kurasa nne zote makosa matupu akanyoosha mkono, aliahidiwa kwa kumaliza, si kwa kupata, hapo ndipo nilipoanza kushuku ana uwakili ndani yake, nikajaribu ukali, nikapata tena kile kimya cha getini, humuhumu nyumbani kwangu, nikaketi chooni nikalia dakika zangu nikarudi kwenye cherehani, vitu vya bure vilikuwa tele, redio ina vipindi vya kusoma asubuhi, mwenye duka la dawa ananipa karatasi zinazokuja ndani ya maboksi, maktaba inagawa vitabu vilivyochanika, migongo ya kalenda za zamani inaandikika vizuri kuliko madaftari, karatasi haikuwa shida, video haikuwa shida, shida ilikuwa mtoto anayekaa mbele ya vyote hivyo na kungoja viishe. Mpaka Mwalimu Koti aliposema, kipindi cha kwanza kabisa, yaani cha mwisho, "kama tulivyoona kipindi kilichopita", na Kasuku akageuka, "tuliona nini?", mimi nikiwa na pini mdomoni nikasema sijui, na kweli sikujua, nikataka kuizima ile video nitafute iliyo sawa, Wakili akanishika mkono, "usizime, ngoja, usiniambie, kama hii robo imekuwa ishirini na tano, basi lazima kabla ya hapo aliwaonyesha kwamba kitu kizima ni mia", akaichora nyuma ya kalenda, akabishana na mdogo wake, hawakula mpaka wakubaliane, kesho yake tukafungua kilichofuata, yaani kilichotangulia, na Mwalimu Koti na koti lake akasimama akasema kitu kizima ni mia, wanangu walipiga kelele jirani akagonga ukuta... tangu siku hiyo ni hivyo, wanasikiliza kipindi, kisha wanabahatisha kilichokuja kabla yake, ni kama kumfuata mtu kwa nyayo zake, ila unazifuata kurudi alikotoka, na nilipokuja kugundua namba za vipindi zinashuka badala ya kupanda nikaona aibu, nikawaambia nimekosea, wanangu, tuanze upya, tuanze na moja, Wakili akasimama kama yuko mahakamani, akauliza nani amelalamika... "Na asilimia ishirini na tano ya themanini?" wifi anauliza, haraka, anawatega, "ishirini," wamesema wote wawili, Kasuku kamtangulia dada yake, nusu silabi tu lakini kamtangulia, "mmejuaje?" "Ni robo tu, Shangazi, imevaa nguo nyingine." Wifi kacheka. Hapana, kakohoa. Hapana, ni kicheko, nakifahamu, hajakitumia humu ndani tangu siku ya harusi yangu, pale nilipokanyaga gauni langu mwenyewe. "Na leo mmefikia wapi kwenye huko kurudi kwenu?" anauliza, sauti imeshuka, haina tena ukuu ule, na Wakili anamwambia, leo Mwalimu Koti amegawanya sita kwa nusu akapata kumi na mbili, akasema kama tulivyoona, ile ya pili unaigeuza kisha unazidisha, "sasa hatujui kwa nini inageuzwa, na kwa nini umegawanya ukapata nyingi kuliko ulizokuwa nazo, inaonekana kama wizi", na wifi anavuta pumzi, hiyo pumzi naijua, ni ya mwalimu aliyefundisha jambo hilo miaka na miaka, jibu liko tayari kwenye ulimi, "sikilizeni, ni rahisi, kwa sababu kila..." "Usituambie!" Wote wawili. Kwa mpigo mmoja. Wamemkatiza shangazi yao, mwalimu mkuu, mtu ambaye baba yao hupokea simu yake akiwa amesimama... sikanyagi, siachi, mguu uko hewani, mikono yangu imelala juu ya sketi ya mtoto wa mtu, "samahani, Shangazi," anasema Wakili, sasa taratibu, "ukisema utaharibu, tunataka kukipata wenyewe, kesho Mwalimu Koti atatuambia kama tulipata", na pazia linafunguka, ni yeye, Wakili, mashavu yanawaka, haoni jasho langu, haoni kitu, "Mama, naomba kitambaa ambacho hukihitaji, na futi ya kupimia", nami nimekata vipande vya nusu mita maisha yangu yote, mikanda ya sare hii ni nusu mita nusu mita, kila mita mikanda miwili, ningeweza kumpa jibu hapa kwa kuinua nyusi tu, mdomo una pini tano na nyuma ya pini neno linanisukuma, nalimeza, nampa kitambaa, nampa futi, ananitazama machoni, "unajua, eh? Usiseme," anarudi mbio, pazia linabaki wazi kidogo, na kwa huo uwazi namwona wifi, kavua viatu. Kavua viatu, amepiga magoti sakafuni na sketi yake ya kazini, ameshika ncha moja ya kitambaa na Kasuku ameshika nyingine, "basi mimi sisemi kitu," anasema, "niulizeni, nitajibu ndiyo au hapana tu," "maswali mangapi?" "Wewe mtoto, tuko sokoni?" "Naulizia tu, Shangazi, kabla hatujaanza," mwanasheria wangu, mwanangu aliyekuwa anatapika, na sasa najua jambo ambalo dakika chache zilizopita sikulijua, nilikuwa nimekaa hapa naomba wajibu vizuri, naomba wasiniaibishe, nangoja mtu mwenye miwani aseme kama nimefanya kazi au nimepoteza mwaka, kumbe kazi yenyewe ilishakamilika na nilikuwa naitazama kila siku nikiwa na pini mdomoni, mtoto ambaye hajui kitu na hakiogopi, anakizunguka, anakinusa, anakipandia kutoka nyuma kama hakuna mlango wa mbele, hilo halikutoka kwenye pipi wala kwenye sufuria, na sitalipeleka bwenini likanakili tarehe ya jana... simu ya wifi inaita, mlio ule ninaufahamu, ni mume wangu, amesimamisha lori mahali ajue hukumu, wifi anaitafuta chini ya meza bila kuachia kitambaa, "mdogo wangu, nipigie baadaye... hapana, sijamaliza... sijui, nakwambia sijui, usinichanganye, tuko katikati hapa," anakata, "tulifika wapi?" "Mita moja ina nusu ngapi, hapo ndipo tulipofika," "ndiyo au hapana tu," "basi, mita moja ina nusu mbili?" "Ndiyo." Na naisikia ikiingia, nakuapia naisikia, Wakili anavuta pumzi kabla hajajua kwa nini, anahesabu kwa midomo, mita sita, kila moja inazaa mbili, "haigawanyi," anasema polepole, "inauliza zimo ngapi, Kasuku, inauliza nusu ngapi zimo, kwa hiyo lazima zizidi, kwa hiyo unazidisha, si wizi", na mdogo wake anaruka, na mtu mzima wa miaka hamsini na mbili aliyekuja kuwachukua anapiga makofi mawili, mafupi, halafu anaificha mikono, na sasa simu yangu inatetemeka hapa mezani, bila shaka ni mume wangu, sasa kanigeukia mimi, jina lake linawaka na kuzimika juu ya ufa, nimezoea kuipokea kabla haijalia mara ya pili, nitaipokea, na ninalo la kumwambia, nitamwambia watoto wanabaki, si kwa sababu dada yako amesema, dada yako hajasema kitu na hana nafasi ya kusema, ni kwa sababu mimi nasema, mimi niliyekaa ngazini kwenye baridi, na ukitaka kubishana nami uje nyumbani, kwanza utamwona Wakili, rinda bado halijaisha, liko palepale, pini ya kwanza sijaitoa, na huko ndani Kasuku anauliza, "na theluthi je, Shangazi, nayo inakubali?", na vichwa vitatu vimeinama juu ya kitambaa kimoja, kimoja cheupe kwa mvi, viwili vyeusi, simu inalia... iache ilie kidogo, wanafikiri.