Doa Kwenye Buluu

Mzee Genzo Tamaki alifungua mlango wa tanuri, akachungulia, akapiga ukelele kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Fusae! Njoo uone ulichonifanyia!"

Binti yake akaja mbio kutoka karoni, mikono ikichuruzika maji. Mbele yao vilikaa vikombe vitano vya pombe ya mchele, vya chuma kisichoshika kutu, zawadi ya harusi ya kuchukuliwa kesho asubuhi. Vilikuwa vya buluu, ile buluu inayowavuta watu waje mjini Tsubame kutoka mbali. Hapo hakuna rangi ya kopo, jamani. Ni ngozi ya chuma yenyewe inayogeuka kwa joto, manjano, zambarau, hadi buluu. Na ngozi hiyo haina msamaha. Iguse kwa kidole kitupu kabla ya moto, mafuta ya kidole chako yataungulia humo humo. Sasa kila kikombe kilikuwa na doa la kahawia ubavuni, sawa na kidole gumba.

"Miaka arobaini na minne sijatoa kikombe chenye doa!" Genzo alifoka. "Nimekwambia mara ngapi? Futa kwa spiriti, vaa glavu! Au masikio yako ni ya pambo?"

"Baba, leo sikuvigusa. Ulinifungia nje, ukasema nina domo."

"Nani basi, paka? Lete kidole!"

Akamkamata mkono, akavaa miwani, amuumbue vizuri. Kidole gumba cha Fusae kilijaa mistari, kama cha mtu yeyote. Akatazama doa. Halikuwa na mstari hata mmoja. Akageuza kikombe cha pili, cha tatu. Laini tupu.

Akageuza kidole gumba chake mwenyewe, akakitazama. Tsubame nzima inajua gurudumu la kung'arishia chuma humla fundi mistari ya vidole, mwaka baada ya mwaka. Mle ndani aliyekuwa ameliwa mistari ni mmoja tu.

"Mimi?" alisema. "Haiwezekani! Nilivifuta. Nakumbuka kabisa nilivifuta!"

"Ulivifuta, Baba. Halafu ukavua glavu, ukavipanga upya kwa mikono mitupu."

"Umeonaje, na mlango ulikuwa umefungwa?"

Fusae akainamisha uso. "Sikuona. Ndivyo unavyofanya siku hizi. Ukienda kunywa chai, mimi huingia nikavifuta tena. Leo sikuweza kuingia."

Genzo akakaa juu ya kreti. Aliogopa, na hakuwa na haya ya kuogopa mbele ya mwanawe.

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ya mwaka jana."

"Na ni mara ngapi, mwanangu? Mara mbili? Tatu?"

Fusae alijifuta macho kwa kiwiko.

"Kila siku, Baba."