Mahali Pasipoonekana Chini ya Siti

Jana usiku niliota gereji yetu imehamishiwa ndani ya gari la Mama Sekela, na hakuna aliyeona ajabu. Kompresa ya kupulizia rangi ilikaa penye redio. Ndoo zilipangwa juu ya dashibodi. Fundi Andongwisye alisimama katikati bila kuinama, ingawa ni mrefu kama nguzo ya umeme, akaniambia, "Tusekile, umechelewa. Siti zinakusubiri."

Siti zenyewe zilikuwa nje, zimepanga foleni kwenye benchi kama wagonjwa wa kliniki, kila moja na kadi yake.

Kabla sijaendelea, niseme kilichotokea jana nikiwa macho.

Kazi yangu pale gereji, hapa Uyole, ni kufuta. Siti za ngozi zikiletwa zimepauka, au mwenye gari akiichoka rangi yake, mimi nazisugua kwa sabuni na spiriti, napitisha msasa laini, kisha Fundi anapuliza rangi mpya. Gari la Mama Sekela lilikuja na siti nyeupe kama maziwa. Alitaka ziwe damu ya mzee, ile rangi nyekundu iliyokolea, kwa sababu Jumamosi gari hilo linampeleka binti yake Sekela kanisani kufunga ndoa.

Jana jioni Fundi alizitupia jicho, akasema, "Ziko tayari. Kesho asubuhi napuliza." Mimi nikapitisha kidole kwenye siti ya mbele ya abiria, ile atakayokaa bibi harusi. Kidole kikateleza. Nilikuwa nimeifuta mara tatu, na bado kilikuwa kinateleza.

Maana yake kuna mafuta yamezama ndani ya ngozi. Na rangi juu ya mafuta haishiki. Inakauka juu juu, ikipata joto la mwili inabanduka na kuhamia kwa aliyekaa. Sekela atavaa gauni jeupe.

Yote hayo niliyajua. Ulimi haukunyanyuka. Mbele ya watu maneno yangu hurudi tumboni, ndivyo nilivyo. Nikavaa kandambili zangu, nikaenda kulala na siri yangu.

Sasa turudi kwenye foleni.

Siti ya mbele ya abiria inanitazama. Nasema, "Shikamoo, siti."

"Marahaba, mwanangu. Usinikalie, mshono unaniuma."

"Sikai. Nimekuja kukufuta."

"Tena? Jana umenifuta mara tatu. Unanitafutia nini?"

Nikakunjua kitambaa. Siti ikageukia pembeni kama mtu aliyeficha kitu ndani ya kanga.

Mara mlango wa gari ukafunguka, akaingia mzee mmoja amevaa koti zito. Mkononi alishika chupa tupu.

"Nimesikia mnapaka damu ya mzee," akasema. "Sikuulizwa."

"Kidogo tu, mzee wangu," Fundi akamjibu. "Siti za gari moja."

"Kwa nini msipake rangi ya maji ya kunde? Kunde hazina ndugu wa kulalamika."

"Mteja amechagua."

"Mteja nani?"

"Mama Sekela."

Mzee akashusha pumzi. "Basi chukueni. Yule mama akishachagua, amechagua." Akakunja mkono wa koti, akatoka, akakaa kwenye benchi baina ya siti mbili, akaanza kumenya ndizi kwa hasira.

Fundi akanimiminia rangi kidogo kwenye kizibo cha soda. Sheria ya gereji ni kwamba rangi mpya hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana. Siku zote huwa ni nyuma ya siti, au chini kabisa kwenye mkunjo, ili ikikataa isiwe aibu. Lakini safari hii Fundi alininyooshea kidole kama anayenituma dukani.

"Nenda Mahali Pasipoonekana. Moja kwa moja, ukifika kwenye mshono kata kulia. Beba na siti. Urudi kabla sijamaliza kuvaa barakoa."

Nikafurahi. Sijawahi kutumwa peke yangu na rangi! Nikaifunga siti mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikashika kizibo kwa vidole viwili, nikaingia kwenye ule ufa ulio kati ya mgongo wa siti na kalio lake, pale vitu vinapodondokea.

"Nibebe vizuri," siti ikasema. "Nina miguu ya chuma."

Huko ndani kuna mji. Barabara zake zimetengenezwa kwa vifuniko vya kalamu. Taa ni hereni za upande mmoja. Watu wake ni vitu vyote vilivyowahi kudondoka vikakosa wa kuviokota: vifungo, pini, ganda la pipi lenye heshima zake. Wanatembea polepole, hawana wanakokwenda.

Mlangoni amekaa karani. Ni karanga, nyuma ya meza ya kiberiti.

"Jina?"

"Tusekile."

Karanga akafungua daftari. "Tusekile, Tusekile... ah! Karibu nyumbani. Kitanda chako ni cha dirishani."

"Mimi nimekuja kujaribu rangi tu, kaka. Narudi sasa hivi."

"Wote husema hivyo. Mimi nilidondoka safari ya Kyela, nikadhani wataniokota Tukuyu." Akanitazama toka juu hadi chini. "Na wewe si mgeni. Mizigo yako yote imeshafika."

Akanionyesha rafu. Kwenye rafu kulikuwa na makopo, na kila kopo lina karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wangu. Nikasoma moja moja. *Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Samahani, umekanyaga mguu wangu. Mwalimu, jibu ninalo. Hapana, sitaki.* Yalikuwa maneno yangu, yote niliyowahi kuyameza. Mengine yalikuwa yameota ukungu.

La mwisho lilikuwa bado na joto. *Fundi, siti inateleza.*

"Hilo limeletwa jana jioni," Karanga akasema. "Lilikuja likilia."

Nikafanya kazi iliyonileta. Nikaishusha siti, nikaigeuza, nikachovya kitambaa kwenye kizibo, nikaipaka chini ya kalio lake rangi kidogo, ukubwa wa kucha.

Rangi ikasimama. Ikajikusanya ikawa matone. Matone yakaota miguu.

"Tunashika wapi hapa?" tone moja likapiga kelele. "Kunateleza!"

"Mimi nilishaanguka mara mbili," likasema lingine. "Sirudi!"

Yakaruka chini yote, yakakimbilia kwa Karanga kuomba vitanda.

Nikaitazama siti. Siti ikainamisha kichwa.

"Bibi," nikasema taratibu, "unapakwa nini?"

"Usiniulize."

"Unapakwa nini, bibi?"

"Mafuta ya mgando," ikasema. "Kila Jumapili, kabla ya ibada. Mama Sekela anachota kwa vidole vitatu, ananisugua mpaka nang'aa kama shavu la mtoto mchanga. Miaka tisa! Watu wakipanda wanasema, 'Mama Sekela, siti zako!' Naye anacheka. Ningemkatalia vipi? Alikuwa ananipenda."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Hapo tukatazamana, mimi na siti, kila mmoja akamwona mwenzake.

Kwa mbali juu, kompresa ikaanza kuunguruma. Fundi amemaliza kuvaa barakoa!

Nikalinyakua lile kopo la jana. Karanga akasimama mbele yangu, mikono ameitanua.

"Dada, ukitoka na hilo, kitanda chako nampa mwingine."

"Mpe!" nikamwambia. Nikaifunga siti mgongoni, nikapanda. Napanda kwenye uzi wa mshono, hatua kwa hatua, kizibo kimedondoka, kandambili moja imedondoka, siti inanihimiza nyuma, "Kaza, mwanangu! Kaza! Mimi mwenyewe naogopa lakini kaza!"

Nikatokea juu. Gari limekuwa kanisa. Sekela yuko mlangoni na gauni lake, jeupe mpaka linaumiza macho, na mkia wa gauni umetoka nje, umepita gereji, umepita soko la viazi, wanawake wameushika kila baada ya hatua tano wakipiga vigelegele. Mama Sekela anacheza peke yake mbele, ametoa viatu.

Siti niliyoibeba mgongoni iko tena mahali pake, sijui imerudi saa ngapi, na Fundi ameielekezea bomba la rangi.

Kuna sheria nyingine ya gereji: kila kisichopakwa rangi kifunikwe kwanza. Fundi alikuwa ameshafunika vioo, usukani, mchungaji na ndizi ya yule mzee, vyote kwa magazeti na tepu ya karatasi. Akaniona.

"Mdomo wa Tusekile haupakwi rangi," akasema. "Kwa hiyo unafunikwa."

Kipande cha tepu kikaruka chenyewe, kikanibana mdomo kutoka shavu hadi shavu.

Nikafungua kopo. Maneno yangu ya jana yakatoka, madogo kama inzi, yakaruka mpaka kwenye sikio la Fundi, yakasema, *Fundi, siti inateleza.* Kompresa ikayameza. Fundi hata hakujikuna.

Sekela akanyanyua gauni. Anataka kukaa, rangi ikipulizwa yeye akae, ndivyo ilivyopangwa. Siti inanitazama. Hata mzee wa damu amesimama, ndizi yenye gazeti mkononi, ananitazama.

Nikaona kwamba maneno ya kopo hayatatosha. Ya jana yalikuwa ya jana. Yanatakiwa mapya.

Nikashika ncha ya tepu, nikaivuta. Iliuma, ikatoka na vinyweleo. Nikavuta pumzi mpaka kompresa ikaishiwa upepo, maana upepo wote nilikuwa nao mimi.

"FUNDI, SIMAMA! SITI INA MAFUTA! USIPULIZE!"

Vioo vikatoka kwenye milango vikasimama pembeni kwa adabu. Magazeti yote yakabanduka. Mchungaji akasema amina bila kujua kwa nini. Vigelegele vikakatika, kuanzia kwa wanawake wa mbele hadi wale wa sokoni, kama taa za mtaa zinazozimika.

Fundi akavua barakoa taratibu.

"Nani kasema?"

Siti zote zikanyoosha mikanda yao kunielekea.

"Ni mimi, Fundi," nikasema, na sikuangalia chini. "Siti ya abiria imepakwa mafuta ya mgando miaka tisa. Yamezama. Tukipuliza sasa, rangi yote itahamia kwenye gauni la Sekela, atashuka kanisani ana siti mgongoni."

Mama Sekela akashika kifua. "Mwe! Nilikuwa naipendezesha tu!"

"Tunajua, mama," siti ikamjibu. "Hatukulaumu."

Fundi akanigeukia. Nikadhani atanifukuza. Akanyoosha mkono, akanikabidhi kitambaa.

"Basi futa. Mpaka kitambaa kitoke cheupe."

Nikafuta! Kitambaa cha kwanza kikatoka cheusi. Cha pili kikatoka kijivu. Cha kumi na mbili kikatoka na Jumapili moja nzima ndani yake, pamoja na wimbo wa kwaya. Siti inacheka, inasema inatekenywa. Wanawake wakarudia vigelegele, safari hii wanahesabu vitambaa. Cha thelathini kikatoka cheupe kuliko gauni, Sekela mwenyewe akakishika akakilinganisha, akasema, "Kweli."

Nikapitisha kidole. Kikashika.

"Bomba hilo hapo," Fundi akasema.

"Mimi?"

"Kwani aliyesema nani?"

Nikalishika bomba. Lilikuwa jepesi, na lilikuwa linanguruma kiganjani kama paka aliyeshiba. Nikapuliza safu ya kwanza, nyembamba kama ukungu wa asubuhi, maana ya kwanza haitakiwi kuwa nzito. Yale matone yaliyokimbia yakarudi mbio, yanasukumana, "Nipishe, nipishe, hapa panashikika!" Safu ya pili. Ya tatu. Siti ikaiva mbele ya macho yetu, nyekundu iliyokolea, na yule mzee akavua kofia akasema, "Hiyo ni ya upande wa baba yangu."

Sekela akanyanyua gauni. Akageuka. Akaanza kukaa, taratibu, taratibu, watu wote wamebana pumzi...

"Tuse! Tuse, amka!"

Alikuwa dada yangu Bupe, amesimama kando ya kitanda chetu, mkono mmoja ameshika sufuria ya uji, mkono wa pili simu yake. Kulikuwa kumekucha. Mdomo wangu ulikuwa umekauka.

"Usiku ulimpigia Fundi wako kwa simu yangu?"

"Mimi? Mimi nampigia nani, dada? Unanijua."

"Ndiyo maana nakuuliza. Haina salio tangu Jumatatu, na nimeilalia." Akanipa simu. "Kaandika ujumbe. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Nikarudia kusoma.

*Bupe, mwambie Tusekile nimemsikia. Nimeamka nimeijaribu siti ya abiria, kweli ina mafuta. Sijapuliza. Aje afute, akimaliza rangi apulize yeye. Ila siku nyingine asinipigie kelele vile, mimi si kiziwi.*