Dagaa wa Uzi Mwekundu

Mchuuzi Nikodemu alimtafuna dagaa mmoja, akatema mate yaliyochanganyika na mchanga, karibu kabisa na miguu ya Klementina.

"Mama, umenilisha mchanga!"

Alikuwa ameteremka kwenye treni ya Tabora asubuhi hiyo, na gunia alilorudishiwa na wateja alilibwaga katikati ya mwalo wa Kibirizi, kando ya ziwa, mbele ya kila mtu. "Tabora nzima wanasema dagaa wa uzi mwekundu wameharibika. Mimi kwako basi."

Klementina aliliangalia gunia. Mdomo wake ulishonwa kwa uzi mwekundu, kweli, lakini mishono ilikwenda upogo, kama ya mtu aliyeazima shazia, sindano ya kushonea magunia. Moyo ulimuuma. Wenzake walianika dagaa mchangani. Yeye aliwaanika juu ya vichanja vya matete, wakamcheka kwamba anawatandikia dagaa kitanda. Acha wacheke! Tangu kabla ya Uhuru, Tabora hawakuijua sura yake, ila uzi mwekundu wa magunia yake waliujua.

"Hili ulilinunua kwa nani?"

"Treni ilikuwa inataka kuondoka. Nikawaambia wapagazi, leteni lenye uzi mwekundu. Nilifungue ya nini? Uzi wako ndio macho yangu."

Pembeni, Leonia, jirani yake wa biashara, aliinama ghafla kuchambua dagaa waliokwisha kuchambuliwa. Nyuma yake magunia yake mapya yalijipanga, yote midomo myekundu. Klementina aliyaona. Agombane na mtu kwa ajili ya uzi, kitu kinachouzwa hata duka la ushirika?

"Gunia hilo sikulishona mimi," alisema, sauti ikafika hadi kwenye mitumbwi. "Lakini uzi ni wa yeyote mwenye shazia."

Akachukua kisu. Akakata mshono wa gunia lake la kwanza, akaenda la pili, akayamaliza yote.

"Mama, sasa bila uzi Tabora watajuaje kuwa ni wako?"

"Watatafuna. Anza wewe."

Nikodemu alisita. Miaka yote hiyo alikuwa akinunua kwake, na hakuwahi kuonja hata mmoja wa dagaa wake. Alitia mkono guniani, akatia dagaa mdomoni. Watu wakatega masikio kumsikiliza anavyotafuna. Hakuna kilichokwaruza. Akachota tena, safari hii kwa uroho tu, na wanunuzi wengine wakasogea na viganja vyao.

"Karibuni, ndugu zangu!" Klementina alisimama kifua mbele, furaha imempanda hadi machoni. "Anayejiamini afungue gunia!"

Vicheko vikapasuka. Leonia peke yake hakucheka. Alijipenyeza katikati ya watu, akachota dagaa mmoja kwenye gunia la Klementina, akamshika kiganjani muda mrefu, kisha akamtia mdomoni, akatafuna polepole, macho yake kwenye magunia yake mwenyewe yenye midomo myekundu.