Swali Lililogoma Kuondoka

Mkutano wa kijiji uliitishwa saa tatu asubuhi ukaanza saa sita, kwa sababu mwenyekiti Kibwana alikuwa hajamaliza chai. Ulifanyika ndani ya ofisi ya kijiji, chumba kimoja chenye meza moja, kwa kuwa jua la Handeni lilikuwa kali na miti ya uwanjani ilikwisha kugeuzwa mkaa. Watu walijibana kwenye mabenchi. Ajenda zilikuwa choo cha shule, chanjo ya mbwa, na mengineyo. Nasinkoi alisubiri mengineyo.

Alikuwa na miezi minne tangu arudi nyumbani na shahada ya falsafa. Yeye aliomba udaktari wa mifugo. Chuo kikampangia falsafa, naye akaenda, maana kwa binti wa boma lao kupangiwa chochote kulikuwa bahati. Aliporudi, kila alikopita aliulizwa falsafa inatibu nini. Shangazi yake alimletea ndama anayeharisha. Nasinkoi akamtazama ndama, ndama akamtazama Nasinkoi, na kesho yake ndama akafa. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena, na ukimya huo ulimuuma kuliko maswali yenyewe. Aliyebaki kumtetea ni baba yake, mzee Nkoitiko. Huyu alikuwa laigwanani, kiongozi wa rika lake na msemaji wa wafugaji wote wa kijiji, na akisema binti yake amesoma, basi amesoma.

Kilichompeleka Nasinkoi mkutanoni ni lambo. Babu zake walilichimba kwa majembe ya mkono, na ng'ombe wa kijiji kizima walikunywa hapo mpaka alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni. Alirudi likizo akakuta waya wa miiba, na ndani ya waya matikiti ya Bwana Kaleb, mwekezaji kutoka mjini. Siku hizi kiangazi kikikaza, ng'ombe walitembea siku mbili kupitia Makuyuni, wakifukuzwa kwenye mahindi ya watu, hadi mto Pangani kule Old Korogwe. Wanyonge hawakufika. Katika ng'ombe sitini wa Nkoitiko walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

Mengineyo yalipofika, Nasinkoi alisimama, akawainamishia wazee kichwa, akauliza, "Nani alikubali kwa niaba yetu?"

"Swali zuri sana, binti," alisema Kibwana. "Limepokelewa. Tutalifanyia kazi." Akafunga mkutano.

Watu waliondoka, swali likabaki. Lilikuwa limening'inia katikati ya chumba, usawa wa kifua cha mtu mzima, ukubwa wa ndama wa siku moja, rangi ya majivu. Hakuna kamba iliyolishikilia. Mtendaji wa kijiji, Mama Evodia, alipokwenda kufunga dirisha alilikumba kwa bega, nalo likasema kwa sauti ya Nasinkoi: nani alikubali kwa niaba yetu? Evodia akaomba radhi akapitia upande wa pili.

Asubuhi Kibwana alilizunguka mara mbili, akataka kujua kama kuna kifungu kinachohusika. Evodia alipekua mwongozo wa majengo ya vijiji. Popo walikuwamo, nyuki walikuwamo, maswali hayakutajwa. Ikabidi aitwe Hashim, mchomeleaji kutoka Korogwe, mjukuu wa wakata mkonge, aliyekuja na mashine yake ya kukatia vyuma. Alihangaika nalo mpaka adhuhuri. Alimaliza diski nne, na alichopata ni kulisugua ubavu mmoja ukang'aa. Alisema mali ya namna hiyo hajawahi kuikata, akala ugali wake, akarudi na basi la mchana.

Kibwana akaamua kulijibu mwenyewe. "Serikali ya kijiji," aliliambia. Swali likavimba kidogo. "Mkutano mkuu." Likavimba tena. "Ninyi wenyewe wananchi," alisema, na likafikia ukubwa wa fahali, meza ikalazimika kuhamishiwa barazani. Hakujaribu jibu la nne.

Watu walizoea upesi. Waliofuata mhuri waliinama wakapita chini yake, na wenye kofia walizitundika pale. Mahindi ya msaada yalipoletwa, magunia yalipangwa juu yake ili panya wasiyafikie. Mkaguzi wa wilaya alikuja, akatazama, akaandika kwamba ofisi ni finyu.

Nasinkoi alifurahi, na hakuificha furaha yake. Kwa mara ya kwanza alipita kijijini kifua mbele. Hatimaye falsafa ilikuwa imefanya jambo la kuonekana kwa macho, jambo ambalo mwenyekiti hawezi kulifungia kabatini.

"Watachoka, baba," alimwambia Nkoitiko. "Siku moja mmoja wao atasema."

Mzee alitafuna mswaki wake. Hakuwa ametia mguu ofisini tangu swali lile liulizwe. Kila palipotajwa mkutano, mgongo ulimuuma.

Mwezi wa tisa walipoteza ng'ombe wanne katika safari moja ya mto, na wa mwisho alikuwa mtamba mwenye mimba, aliyeangukia Makuyuni barabarani. Nkoitiko alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Hakuketi, wala hakupokea maziwa aliyopewa na mkewe Noonkipa. Alimwambia Nasinkoi amfuate, wakaenda ofisini.

Mzee alisimama mbele ya swali, Kibwana na Evodia wakiwa mezani pale barazani. "Ni mimi," alisema.

Swali halikusogea, kama linalongoja maelezo, naye akaeleza. Siku ya kugawa lambo, Kibwana aliuliza mara tatu kama kuna mwenye pingamizi, na wafugaji wote wakamtazama yeye. Kwao laigwanani akinyamaza, jambo limepita, wala hakuna wa kulifukua tena. Alinyamaza mara zote tatu. Wiki ile Bwana Kaleb alikuwa ameahidi kumfadhili binti yake mpaka amalize chuo.

"Aliahidi na akatimiza," alisema Nkoitiko. "Siwezi kumsingizia."

Evodia aliacha kunakili orodha ya mbwa, kisha akaendelea.

"Ahsante, mzee," alisema Kibwana. "Sisi tulinyamaza kwa heshima yako."

Nasinkoi alimgeukia Kibwana. "Sasa waya utaondolewa?"

"Binti, uliuliza nani, na umejibiwa," alisema Kibwana kwa upole. "Waya ni suala lingine. Mkataba ni wa miaka thelathini na mitatu."

Swali likanywea mpaka likarudia ukubwa wake wa kwanza. Likatoka mlangoni, likamfuata Nkoitiko hatua tatu nyuma yake, na watu njiani walipisha. Lilipofika bomani liliingia ndani likatulia juu ya kitanda cha Nasinkoi. Noonkipa alilitazama, akasogeza moto upande wa pili lisijae moshi. Ofisini, meza ilirudishwa ndani siku ile ile.

Jumapili yake wazee wa rika walikaa. Walimwomba Nkoitiko arudishe rungu jeusi la ulaigwanani, jambo ambalo kwa kawaida hafanyiwi mtu aliye hai. Alilirudisha kwa mikono miwili. Bwana Kaleb hakuitwa, wala Kibwana, kwa kuwa wao hawakuwa wa rika lolote.

Siku kadhaa zilipita. Kisha asubuhi moja, Nkoitiko akiwa anafunga viatu vyake vya matairi, alisema, "Mwanangu, nieleze. Hiki nilichokipata kwa yale maji, hiki kisomo chako, kinafaa nini?"

Nasinkoi alitazama juu ya kichwa cha baba yake, akingoja. Swali hilo halikuning'inia popote. Lilipita na upepo wa mlangoni.

"Kimefaa ukweli ujulikane, baba," alisema.

Mzee alifikiri, tena alifikiri kweli, maana hakuwa na kinyongo naye. "Ungeniuliza hapa nyumbani," alisema, "ningekuambia."

Machozi yalimtoka Nasinkoi bila sauti. Alichukua fimbo akatoka kuwafungulia ng'ombe saba waliosalia, kwani hakuna kijana aliyekubali tena kumchungia Nkoitiko, na mto ulikuwa mbali. Njia ilipita kando ya waya. Ndani, mashine ya Bwana Kaleb ilikuwa imekwisha kuwashwa, na matikiti yalikuwa yanamwagiliwa.